Leaf, Aqua au Vitz: Gari Lipi Litakurudishia Fedha Ukiliuza Baada ya Miaka Mitano?

Mnunuzi wa gari lililotumika kutoka Japani huuliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha: linakula mafuta kiasi gani, spea zake zinapatikana wapi, na nikilichoka nitamuuzia nani. Swali la tatu ndilo linalowarudisha nyuma wengi wanaposimama mbele ya gari la umeme. Ulinganisho huu unalichukua swali hilo peke yake na kulielekeza kwa magari matatu yanayokaribiana kwa ukubwa na kwa matumizi, nayo ni Nissan Leaf ya kizazi cha pili, ya umeme pekee, yenye betri ya kilowati-saa 40 (yaani uniti 40 za umeme), Toyota Aqua ambayo ni haibridi, yaani inaunganisha injini ya petroli na mota ya umeme, na Toyota Vitz ya petroli yenye injini ya lita 1.3. Nachukulia kwamba mnunuzi yuko Kenya, ananunua gari la mwaka 2019, analiendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, na anakusudia kuliuza baada ya miaka mitano.

Niutaje msimamo wangu mapema ili msomaji aupime anapoendelea. Anayeuza Vitz anauza gari. Anayeuza Leaf anauza betri iliyovikwa bodi, viti na magurudumu. Vigezo tulivyozoea kupangia bei, yaani kilomita zilizotembewa, herufi za namba ya usajili, rangi na mlio wa injini, havisemi lolote la maana kuhusu betri, na kwa hiyo soko linaloendelea kuvitumia humpunja mwenye Leaf nzuri na kumnufaisha mwenye Leaf iliyochoka. Anayejua kuisoma betri siku ya kununua hupoteza kidogo siku ya kuuza. Asiyejua hupoteza sana, kisha hulaumu umeme.

Hasara kubwa hutokea kabla gari halijapanda meli

Habari kwamba magari ya umeme hushuka thamani haraka si uvumi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2025 na iSeeCars, mtandao wa Marekani unaofuatilia bei za magari, inaonyesha kwamba gari la wastani nchini humo hupoteza asilimia 45.6 ya bei yake katika miaka mitano ya kwanza, gari la umeme hupoteza asilimia 58.8, na haibridi hupoteza asilimia 40.7. Pengo la pointi 18 kati ya umeme na haibridi ni kubwa, na mtu akilisoma bila kuuliza limetoka wapi atafunga mjadala hapo hapo na kwenda kulipia Aqua.

Sehemu kubwa ya pengo hilo imetokana na bei ya gari jipya, si uchakavu wa gari kuukuu. Mnunuzi wa Marekani alikuwa akipata nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa gari jipya la umeme, nafuu iliyokoma mwishoni mwa Septemba 2025, na hivyo fedha alizotoa kwa kweli zilikuwa chini ya bei iliyobandikwa, ambayo ndiyo hesabu ya asilimia huanzia. Januari 2023 Tesla ilipunguza bei za magari yake mapya, baadhi kwa karibu asilimia 20, na kila aliyekuwa na Tesla iliyotumika akaamka akiwa na mali ya thamani ndogo kuliko aliyolala nayo, ingawa gari lake halikuwa limesogea hata hatua moja. Mwaka mmoja baadaye kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ilitangaza kuuza magari yapatayo 20,000 ya umeme, na soko lililokuwa tayari limelegea likafurika. Nyuma ya hayo yote iko bei ya betri zenyewe: kwa hesabu za BloombergNEF, taasisi ya utafiti wa nishati, kilowati-saa moja ya betri iliyogharimu zaidi ya dola 1,000 mwaka 2010 ilifika dola 139 mwaka 2023 na dola 115 mwaka 2024. Betri mpya ikishuka bei, gari jipya hushuka, na gari kuukuu hulifuata hata kama halina dosari.

Uingereza, ambako nako hutoka magari ya usukani wa kulia, mteremko una sababu yake. Serikali iliwataka watengenezaji wahakikishe kwamba asilimia 22 ya magari mapya waliyouza mwaka 2024 hayatoi moshi kabisa, na asilimia 28 mwaka 2025. Ili kufikia kiwango hicho kampuni zilitoa punguzo, na magari mengi yakaenda kwa wafanyakazi kupitia mikataba ya kukodi ambayo kwa kawaida huisha baada ya miaka mitatu, kisha yote hurudi sokoni pamoja. Japani, kwa upande wake, ina watu wengi wanaoishi katika maghorofa yasiyo na mahali pa kuchajia, na ukaguzi wa lazima wa magari, unaofanywa miaka mitatu baada ya usajili na kila baada ya miaka miwili tangu hapo, humsukuma mwenye gari kuliacha mapema.

Kwa mnunuzi wetu, maana yake ni kwamba mteremko mkali uko mwanzoni mwa maisha ya gari, na aliyeulipia ni mtu wa Yokohama au wa Leeds. Sisi tunaingia mahali ambapo mteremko umekwisha kulala. Hata hivyo hatuko salama kabisa, kwa sababu bei ya Leaf iliyoko Nairobi hufungwa kwa kamba na bei ya Leaf inayoweza kuagizwa leo. Zikishuka za mnada wa Japani, ya hapa haiwezi kubaki juu.

Vitz na Aqua

Vitz haihitaji maneno mengi. Kila fundi anaifahamu, spea zake zimejaa kuanzia madukani hadi kwa wauza vyuma vikuukuu, na ikipata hitilafu Voi au Mtito Andei haimlazi mtu njiani kwa kukosa kifaa. Thamani yake ya kuuza inalindwa na jambo moja ambalo wengi hawalihesabu: mwaka 2020 Toyota iliacha jina la Vitz nchini Japani na kuendelea na Yaris, kwa hiyo Vitz zilizopo ndizo zilizopo, ilhali wanaozitaka bado ni wengi.

Aqua ni somo zuri kwa anayetaka kujua Leaf inaelekea wapi. Ilipoanza kuonekana huku, baada ya kuzinduliwa Japani Desemba 2011, hofu iliyosemwa juu yake ilikuwa ile ile inayosemwa leo juu ya Leaf, kwamba betri ikifa umebaki na jeneza. Kilichoiondoa hofu hiyo hakikuwa matangazo. Mafundi walijifunza kuifungua betri, kupima seli moja moja na kubadilisha zilizokufa, na wanunuzi wakaona kwamba ugonjwa una dawa na dawa ina bei inayojulikana. Betri ya Aqua ya kizazi hicho ni ndogo, haifiki kilowati-saa moja, na hata ikizeeka injini ya petroli inaendelea kuvuta gari. Ndiyo maana leo Aqua huuzwa tena bila dalali kulazimika kuapa. Udhaifu wake uko kwenye kichujio cha hewa kinachoipoza betri, ambacho huziba vumbi na watu wengi hawajui kama kipo. Mnunuzi makini hukiangalia karibu na kiti cha nyuma kabla ya kuuliza bei.

Leaf mbili katika yadi moja

Jumamosi moja niliingia yadi moja ya Mombasa nikiwa na simu yenye programu ya LeafSpy na kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani kusoma kompyuta ya gari. Kulikuwa na Leaf mbili nyeupe za mwaka ule ule, zimeegeshwa bega kwa bega. Ya kwanza ilikuwa imetembea kilomita 41,000 na ya pili kilomita 78,000, na kijana wa yadi alikuwa ameipandisha bei ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo tu. Niliwasha zote mbili. Ukingoni mwa kioo cha dashibodi kuna mistari midogo 12 inayoonyesha ujazo uliobaki wa betri, tofauti na ile inayoonyesha chaji iliyomo. Minada ya Japani huitaja idadi ya mistari hiyo kwenye maelezo ya gari. Leaf ya kilomita 78,000 ilikuwa na mistari yote 12, na simu ikasoma afya ya betri, yaani ujazo uliobaki ukilinganishwa na wa betri mpya, asilimia 87. Ile ya kilomita 41,000 ilikuwa na mistari kumi, na simu ikasoma asilimia 77. Kijana aliinama akahesabu mistari kwa kidole, akahesabu tena, kisha akaniuliza kama naweza kumwonyesha programu hiyo inapatikana wapi.

Ili msomaji auone uzito wa tofauti hiyo, ajue kwamba mstari wa kwanza hupotea betri inaposhuka chini ya takriban asilimia 85, na kila mstari unaofuata hupotea baada ya pointi sita na robo hivi. Leaf ya kilowati-saa 40 ikiwa mpya ilikadiriwa na wakala wa mazingira wa Marekani kwenda kilomita 243 kwa chaji moja. Kwa asilimia 87 umbali huo ni kama kilomita 211. Kwa asilimia 77 ni kama 187. Tukichukulia, kwa hesabu tu, kwamba betri zote mbili zitapoteza pointi tatu kila mwaka, baada ya miaka mitano ile iliyotembea kilomita 41,000 itakuwa na asilimia 62, mistari minane na umbali wa kilomita 150 hivi, na ile ya kilomita 78,000 itakuwa na asilimia 72, mistari tisa na kilomita 175. Mistari tisa ni mpaka wenye maana, kwa sababu dhamana ya Nissan kwa betri hii huko nje, ya miaka minane au kilomita 160,000, huhesabu betri kuwa na kasoro inaposhuka chini ya mistari tisa. Dhamana yenyewe haivuki bahari pamoja na gari lililotumika, lakini mnunuzi wa baadaye aliyesoma habari zake ataitumia kama kipimo. Gari la mistari minane litauzwa kwa huruma.

Kwa nini Leaf mbili za umri mmoja zitofautiane hivyo? Tatizo ni joto. Betri ya Leaf ya kizazi cha kwanza na cha pili haina mfumo wa kimiminika wa kuipoza. Inategemea hewa inayopita nje ya sanduku lake. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, mji wa jangwani, walilalamika kwamba mistari inapotea kabla ya wakati, na Nissan ikalazimika kutoa dhamana ya ujazo wa betri ambayo haikuwapo awali, kisha ikaleta betri yenye kemia inayostahimili joto zaidi. Kampuni ya Geotab ya Kanada, inayokusanya takwimu kutoka kwenye magari yanayotembea, ilionyesha kwamba Leaf ya 2015 ilipoteza wastani wa asilimia 4.2 ya ujazo kwa mwaka ilhali Tesla Model S ya mwaka huo huo, inayopozwa kwa kimiminika, ilipoteza asilimia 2.3. Nissan yenyewe imekubali kimyakimya, kwani Leaf ya kizazi cha tatu iliyozinduliwa mwaka 2025 imewekewa mfumo wa kimiminika.

Kwa hiyo hata mji anaoishi mnunuzi unaingia katika bei ya kuuza. Nairobi iko juu, usiku wake ni wa baridi, na betri iliyochoka na jua la mchana hupumzika. Mombasa na Dar es Salaam usiku hauisaidii sana. Ningekuwa namshauri jamaa yangu wa Nyali, Mombasa, ningemwambia Leaf yake aiegeshe kivulini, asiiache na chaji kamili siku nzima, na akinunua apunguze matarajio ya bei ya kuuza kuliko mwenzake wa Karen, Nairobi. LeafSpy huonyesha pia idadi ya mara ambazo gari limechajiwa kwa chaja ya kasi. Chaji nyingi za kasi si hukumu, lakini zikiungana na afya ndogo ya betri zinaeleza kilichotokea. Huonyesha vilevile jozi 96 za seli moja baada ya nyingine, na jozi moja ikiwa imelala chini ya wenzake waziwazi, hapo kuna ukarabati unaosubiri mtu wa kuulipia.

Tahadhari moja zaidi juu ya mistari. Wapo wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili mistari irudi 12 kwa muda. Baada ya wiki kadhaa za kuendesha, ukweli hurejea. Mwenye shaka aombe kuliendesha gari kilomita 30 au 40 barabarani na kutazama chaji ilivyoshuka, kwa sababu barabara haifutwi kumbukumbu.

Sheria ya miaka minane inavyoyagawa magari haya

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu usajili wake wa kwanza. Watu huisoma sheria hii kama kikwazo cha mnunuzi, lakini athari yake kwa thamani ya kuuza ni ya ajabu, na inakwenda kinyume kwa petroli na kwa umeme.

Kwa Vitz na Aqua, sheria ni ukuta unaowalinda walio ndani. Gari la mwaka 2012 lililoko Nairobi halina mshindani wa umri wake anayeshuka melini, kwa hiyo mwenye kipato kidogo anayelihitaji hana budi kununua kwa aliyenalo. Vitz mpya zaidi inayoingia nayo si bora sana kuliko iliyopo. Ni ile ile, yenye rangi safi. Kwa Leaf mambo hugeuka. Kila Januari ukuta unasogea mwaka mmoja mbele, na kinachoruhusiwa kuingia ni bora kwa wazi kuliko kilichomo. Leaf za kwanza kufika zilikuwa na betri za kilowati-saa 24, zikafuata za 30, kisha za 40, na sasa Leaf za mwaka 2019 na kuendelea zinaweza kuja na betri ya 62. Aliyenunua ya 24 aliona thamani yake ikiporomoka si kwa sababu iliharibika, bali kwa sababu mnunuzi alipata ya 40 kwa nyongeza isiyomtisha. Mwenye ya 40 leo ajiandae kwa hilo hilo kutoka kwa ile ya 62.

Kodi nayo inasukuma upande huo. Tangu mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa gari linalotumia umeme pekee ni asilimia 10, ambapo kwa gari la petroli lenye injini isiyozidi cc 1500, kama Vitz na Aqua, ni asilimia 20. Nafuu hiyo humsaidia anayenunua na humuumiza kidogo anayeuza, kwani mnunuzi wake ana njia rahisi ya kuagiza. Serikali ikiiondoa nafuu, waliokwisha kununua watapata faida wasiyoitarajia, ikiiongeza, watapoteza. Wenye magari ya umeme wa New Zealand, ambao nao hununua Leaf kutoka Japani, waliyaona hayo nafuu ya ununuzi ilipofutwa mwishoni mwa 2023 na ada ya kutumia barabara ikaanza kutozwa magari ya umeme Aprili 2024.

Tanzania mpangilio ni tofauti. Gari kuukuu halizuiwi mlangoni bali hutozwa zaidi kutokana na uchakavu, na hivyo Leaf za zamani zenye betri ndogo bado zaweza kuonekana sokoni. Mnunuzi wa Dar es Salaam anayevutwa na bei yake akumbuke kwamba bei hiyo ndogo ndiyo atakayokutana nayo akiuza, ikiwa imepungua zaidi, na joto la pwani halitamwonea huruma.

Hesabu ya mafuta dhidi ya bei ya kuuza

Kuuliza gari litauzwa kiasi gani bila kuuliza lilikula kiasi gani ni kupima nusu ya debe. Tuchukue petroli ya Nairobi kuwa shilingi 180 kwa lita na umeme wa nyumbani kuwa shilingi 28 kwa uniti, kodi zikiwamo. Vitz ikienda kilomita 14 kwa lita mjini itatumia shilingi 1,286 kwa kila kilomita 100. Aqua ikienda kilomita 22 kwa lita itatumia 818. Leaf ikitumia uniti 17, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji, itatumia 476. Kwa kilomita 15,000 kila mwaka, katika miaka mitano Leaf itakuwa imeokoa shilingi 607,500 ikilinganishwa na Vitz, na shilingi 256,500 ikilinganishwa na Aqua.

Namba hizo zinabadilisha sura ya swali. Ikiwa Leaf na Vitz zimenunuliwa kwa bei moja, tuseme shilingi milioni 1.5, na Vitz ikauzwa baada ya miaka mitano kwa shilingi 900,000, mwenye Leaf anaweza kuiuza kwa chini kidogo ya shilingi 300,000 na bado wakawa sawa, kabla hata ya kuhesabu oili na plagi ambazo Leaf haizihitaji. Hata ile Leaf ya mistari minane haiwezi kushuka hadi hapo kirahisi, kwa sababu betri ina kazi nyingine baada ya kutoka kwenye gari: uwanja wa Johan Cruijff wa Amsterdam ulianza mwaka 2018 kutumia hifadhi ya umeme yenye ukubwa sawa na betri 148 za Leaf, baadhi zikiwa zimetumika, na mtu mwenye sola nyumbani anajua thamani ya kilowati-saa 24 zilizobaki katika sanduku moja.

Dhidi ya Aqua mambo ni magumu zaidi, nami naona hapo ndipo ushindani wa kweli ulipo. Robo milioni kwa miaka mitano ni fedha, lakini Aqua inaweza kuirudisha yote siku ya kuuza, na huku ikimpeleka mwenyewe Kisumu bila kuuliza chaja iko wapi. Mambo mawili huamua. La kwanza ni mahali pa kuchajia. Asiye na soketi nyumbani, akategemea kituo cha kulipia kinachotoza, kwa mfano, shilingi 45 kwa uniti, atatumia shilingi 765 kwa kilomita 100, na faida yake yote juu ya Aqua kwa miaka mitano itakuwa chini ya shilingi 40,000. Mpangaji wa ghorofa anunue Aqua. La pili ni kilomita. Anayeendesha kilomita 6,000 kwa mwaka ataokoa shilingi 102,600 tu juu ya Aqua na 243,000 juu ya Vitz, kiasi kinachoweza kumezwa na bei ya kuuza. Upande wa pili yuko anayesafiri kila siku kutoka viungani kama Kitengela au Mtwapa, mwenye uwanja wake na mita ya tarifa ya magari ya umeme iliyoanzishwa mwaka 2023 kwa shilingi 16 kwa uniti, na 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Kwake Leaf inashinda kwa pengo ambalo bei ya kuuza haiwezi kulifuta.

Gari la umeme ambalo si Leaf

Sehemu ya woga juu ya thamani ya magari ya umeme ni woga juu ya Leaf, na si haki kuusambaza. Hyundai Kona ya umeme yenye betri ya kilowati-saa 64, ambayo huagizwa kutoka Uingereza, ina mfumo wa kimiminika wa kupoza betri na hutumia chaja ya kasi ya CCS2, ambayo ndiyo ya magari mapya ya Ulaya. Ina siri nyingine inayompendeza mnunuzi: mwaka 2021 Hyundai iliyaita magari yapatayo 82,000 duniani, mengi yakiwa Kona, na kubadilisha betri kwa sababu ya hatari ya moto. Kona iliyobadilishiwa ina bodi ya 2019 na betri changa kuliko bodi. Mwenye karatasi za ukarabati huo azihifadhi kama anavyohifadhi hati ya umiliki.

BYD Atto 3 nayo hutumia betri ya kemia ya fosfeti ya chuma, inayovumilia kuchajiwa hadi asilimia 100 na kustahimili miaka mingi ya kujazwa na kutumiwa. Hasara yake kwa mnunuzi wa gari jipya ni ile iliyowapata wenye Tesla: watengenezaji wa China wanashindana kwa bei, na gari jipya likishuka la mwaka jana hushuka nalo. Anayeipenda asubiri ifike mikononi mwa mtu wa pili.

Plagi nayo inahesabika. Leaf huchajiwa kwa kasi kupitia CHAdeMO, mfumo wa Kijapani ambao vituo vipya vinauweka pembeni. Kwa anayechaji nyumbani na kuzunguka mjini si tatizo leo, ila mnunuzi wa 2031 anaweza kulitaja akipunguza bei. Safari ya Nairobi hadi Mombasa, kilomita 480 hivi, huidai Leaf ya 40 chaji za kasi zisizopungua mbili, na betri iliyokwisha kupata joto hupokea chaji ya pili polepole. Gari hili ni la mji na viunga vyake, na liuzwe kwa mtu wa mji.

Nikirudi kwenye yadi ya Mombasa, ningenunua ile ya kilomita 78,000, na ningeanza kuiuza siku ninayoinunua. Ningepiga picha ya usomaji wa LeafSpy kila baada ya miezi sita na kuziweka pamoja na risiti, ili mnunuzi wangu aone mwendo wa betri badala ya kuambiwa. Na kwa kuwa wanunuzi wengi watakuwa bado wanahesabu mistari kwa kidole, nisingeingoja miaka mitano itimie. Kwa pointi tatu kwa mwaka betri ile itavuka asilimia 72.5, na mstari wa kumi kupotea, baada ya miaka minne na miezi kumi; tangazo langu la kuuza lingetoka miezi mitatu kabla ya hapo, mistari kumi ikiwa bado inaonekana na usomaji wa simu umeandikwa chini ya picha.